Geti Letu Lilikuwa Limefungwa Siku Sita

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa mweka hazina wa kanisa dogo la mtaa wa Huruma, Nairobi, nyuma kidogo ya barabara ya Juja, karibu na Kiamaiko kule kwenye soko la mbuzi. Siku sita nakaa kwenye kibanda changu cha M-Pesa. Ya saba nahesabu sadaka. Wachungaji wawili wa makanisa jirani wameniuliza tulifanyaje hadi kanisa likaacha kujitazama lenyewe na kuanza kuwatazama watu wa mtaa. Nimewajibu kwa simu mpaka salio limeisha, sasa nimeona niandike. Msitarajie mahubiri. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, na mengi nitakayosema yana bei.

Kwanza mlione kanisa lenyewe. Ni jengo la mawe lenye paa la mabati, na Jumapili nzuri tunafika watu 140. Kuna vyoo vinne, tangi la maji la lita 10,000 na ua uliosakafiwa, mkubwa wa kuegesha magari kumi. Mbele kuna geti refu la chuma lenye kufuli mbili. Anayeijua Huruma anaelewa maana ya ua kama huo. Kwetu magorofa yamebanana hadi jirani anaweza kukupa chumvi dirishani. Maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki, na wiki nyingine hayaji kabisa. Mtoto akitaka kucheza, anacheza barabarani na bodaboda. Nasi katikati ya hayo yote tulikuwa na ua mtupu, unafagiliwa kila Jumamosi na kufungwa. Nimepita mbele ya geti hilo miaka mingi nisione kasoro yoyote.

Yalianza Desemba 2022. Huo ndio mwaka ambao pakiti ya unga ya kilo 2 ilivuka Sh200, mkaona hata wenye mishahara wakipima ugali kwa jicho. Mchungaji alihubiri Jumapili tatu mfululizo kutoka Yeremia 29, pale Mungu anapowaambia mateka wa Babeli wautakie amani mji walimo, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Tukaitikia Amina, tukaenda nyumbani kula. Jumapili ya tatu, mama mmoja wa ushirika akauliza wakati wa matangazo: kwa hiyo tunafanya nini? Kamati ikaundwa. Nami nikiwemo.

Tukaamua kuwa na siku ya jamii. Naweka hesabu hapa kwa sababu wakati ule hakuna aliyeitazama vizuri, hata mimi niliyeiandika. Unga pakiti 200: Sh38,000. Fulana 40 za wahudumu, zenye jina la kanisa mgongoni: Sh18,000. Hema na viti: Sh9,500. Spika na jenereta: Sh7,000. Mpiga picha: Sh5,000. Jumla Sh77,500. Zaidi ya nusu ya fedha za wenye njaa tulizivaa, tukazikalia na kuzipigia picha.

Siku yenyewe tulitarajia watu 200. Wakaja labda 500, maana habari ya unga wa bure haihitaji tangazo. Mzee wa mtaa hatukumwambia, tukidhani ni mambo ya kanisa. Vijana wakaanza kupanga foleni yao wenyewe kwa bei yao wenyewe. Shosho mmoja akasukumwa, akaanguka na kuchubuka goti. Nyumba moja ilipata pakiti tatu, na mlango unaofuata haukupata hata moja. Saa saba tulikuwa tumemaliza. Tukafunga geti kwa ndani huku watu wakiligonga kwa mawe madogo. Mchungaji akafunga kwa sala.

Jumanne yake mteja wangu mmoja, mama anayefulia watu nguo, mwenye mtoto mmoja, akaja kibandani. Hakuwa na pesa ya kutuma. Akasimama mpaka foleni ikaisha, ndipo akasema polepole, "Mama, ule unga nimeula, asante. Ile picha mtaitoa lini?" Tulikuwa tumeiweka kwenye ukurasa wa kanisa: yeye amenyoosha mikono miwili, mhudumu wetu mwenye fulana mpya anamkabidhi pakiti na wote wanatazama kamera. Mwanawe alikuwa ameonyeshwa picha hiyo na wenzake shuleni. Tuliifuta jioni ile, lakini ilikuwa imekwisha kuzunguka kwenye vikundi vya WhatsApp na hatukuweza kuirudisha. Baadaye nikaja kusoma kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kwamba sura ya mtu ni yake hata akiwa na njaa. Sikuhitaji sheria kujua nilipaswa kuona aibu. Tangu siku hiyo hatupigi picha ya mtu anayepokea kitu, basi. Mfadhili akitaka ushahidi, namwonyesha risiti.

Kwenye ripoti ya mwaka nikaandika, "Tuliwafikia watu 200." Makofi yakapigwa. Hakuna aliyeniuliza jina la hata mmoja.

Aliyetuamsha hakuwa mshirika wetu. Ni mhudumu wa afya ya jamii wa upande wetu, mama anayeijua kila ngazi ya kila ploti, na anaabudu kwingine. Alikutana na mchungaji njiani akamwambia, "Pasta, mlitugawia kabla ya kutusalimia." Mchungaji wetu ana sifa moja nzuri: akiambiwa ukweli huumia, lakini hakimbii. Akamwomba aje atufundishe kusalimia.

Ndivyo tulivyopata zile Jumamosi sita za mwaka 2023. Tulikuwa watu 16, tukatembea wawili wawili. Yule mama alitupa masharti ambayo baadhi yetu tuliyaona magumu: msibebe vitabu vya injili, msimwalike mtu kanisani, na msiahidi chochote. Ulizeni maswali matatu, mwandike majibu kama yalivyosemwa. Kitu gani kinakusumbua hapa? Kikizidi, nani hukusaidia? Kanisa letu unalijua kwa lipi?

Swali la tatu lilitumaliza. Keateka, yaani mwangalizi wa jengo, wa ploti iliyo mkabala akasema, "Nyinyi ni wale wa magari," kwa sababu Jumapili magari yetu yakizidi uani huziba njia na mkokoteni wa maji haupiti. Muuguzi wa zamu ya usiku akasema sisi ni wale wa spika: yeye hurudi kutoka kazini Jumapili saa mbili asubuhi, na saa mbili na nusu kwaya inaanza kujaribu maikrofoni. Vijana wa bodaboda walicheka. "Mathe, kwenu tunajua geti tu. Mvua ikinyesha tunajikinga hapo, na soja wenu anatufukuza." Fundi viatu mmoja aliulizwa angekosa nini kanisa likihama. Akafikiri kwa dhati kabisa, akajibu kwamba angepata usingizi.

Swali la pili nalo lilitufundisha, ila polepole zaidi. Tulidhani tunaingia mahali ambapo hakuna msaada. Kumbe upo wa kila namna. Mama mboga anayekopesha sukuma hadi mwisho wa mwezi, chama cha kina mama kinachozika watu, mzee wa mtaa anayeamka usiku mtu akikamatwa. Na msikiti. Watu sita tofauti walitutajia bomba la msikiti, lililowekwa nje ya ukuta ili yeyote achote maji bila kuuliza wala kuulizwa. Wazee wetu wawili walikunja uso waliposikia hilo likisomwa kikaoni. Nilikunja pia, lakini kwa sababu nyingine: nilikuwa najua tangi letu lina lita ngapi.

Hata hapo hatukukosa kuharibu. Wenzetu wawili walishindwa kulifuata sharti la kutoahidi. Wakawaambia wazazi fulani kwamba kanisa linafikiria karo za watoto. Halikuwa linafikiria. Mwaka mzima watu walikuja kibandani kwangu na barua za shule, na kila barua ilibidi niirudishe mkononi mwa mtu.

Tulianza na spika kwa kuwa hazikuhitaji fedha. Tukazigeuza zitazame ndani, tukaondoa ile ya juu ya paa, na kesha likawa bila vipaza sauti kuanzia saa nne usiku. Kama kuna mzee wa kanisa atakayekwambia hayo ni kuinamia shetani, mwambie Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009 na nyumba za ibada nazo zimo. Sisi tuliambiwa hivyo na wawili, na wote wawili wakahama na familia zao. Kwaya ilinuna mwezi mmoja. Yule muuguzi hajawahi kukanyaga kanisani hadi leo, lakini sasa hunisalimia, na mara moja aliniletea papai.

Geti ndilo lililotutoa jasho.

Kikao cha Januari 2024 kilianza saa nane mchana kikaisha saa moja usiku. Pendekezo lilikuwa jepesi kulitamka: tufungue ua siku za kazi, watu wachote maji, watumie vyoo, watoto wapate mahali pa kusomea jioni. Hoja za kupinga zilikuja kama mvua. Wezi. Uchafu. Vyombo vya kwaya. Nani atasafisha. Nyumba ya Mungu si stendi ya matatu. Nikiri tu: aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Niliwasomea bili ya maji ya miezi sita kwa tuo, kama mtu anayesoma hukumu. Nilijiona nalinda mali ya Bwana. Labda nililinda pia raha ya kuwa na kitabu chenye mizania safi.

Mchungaji hakubishana nami. Akaniomba nimfanyie hesabu moja zaidi: wiki ina saa ngapi, na sisi tunautumia uwanja huu saa ngapi? Nikapiga hapo hapo. Saa 168. Tulikuwa tukiutumia saa 11. Nikaisoma kwa sauti, halafu nikanyamaza, na kikaoni palikuwa kimya kwa muda mrefu hata tukasikia mtu akikaanga vitunguu ng'ambo ya ukuta.

Tukakubaliana majaribio ya miezi mitatu. Jaribio ni neno zuri sana kwenye kikao cha kanisa. Mzee ambaye hawezi kusema ndiyo anaweza kusema tujaribu.

Bomba tuliliweka nje ya ukuta, kama la msikiti, na haikuwa bahati mbaya. Fundi na vifaa vilikuja Sh23,400. Tukatangaza maji ya bure. Hilo ndilo kosa kubwa la pili baada ya unga, na kila kanisa ninalolisikia linalirudia. Asubuhi ya kwanza wauza maji walifika na mikokoteni, kila mmoja na mitungi 30, na saa moja kasorobo tangi lilikuwa tupu. Kina mama waliokuja na mtungi mmoja mmoja wakarudi mikono mitupu. Siku ya tatu mambo yakageuka: wauza maji wengine, wale ambao hawakuwahi, wakamwambia soja wetu kwamba tunawaua njaa na kwamba bomba linaweza kuvunjika lenyewe. Walikuwa na haki ya kukasirika. Wana watoto. Kabla ya kutoa kitu bure mtaani, uliza kwanza nani anaishi kwa kukiuza.

Safari hii tulimwita mzee wa mtaa mapema, na yeye akawaita wauza maji, tukakaa uani kwenye mabenchi ya kanisa. Suluhisho lilikuwa lao zaidi ya letu. Mtungi wa lita 20 uwe Sh5, wakati huo nje ulikuwa ukifika Sh20 siku za shida. Kila nyumba mitungi minne, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Baada ya hapo wenye mikokoteni wachote kilichobaki kwa bei waliyokubaliana. Wawili kati yao wakapewa kazi ya kusimamia bomba kwa zamu. Tangu siku ile hakuna aliyetutisha, na zile shilingi tano tano zinalipa sehemu kubwa ya bili. Hazilipi yote, na usimwamini atakayekwambia zinalipa yote.

Mwezi wa kwanza tuliibiwa maikrofoni moja na koki mbili za shaba. Wazee wawili walipita mbele ya kibanda changu siku hiyo wakisema, "Tuliwaambia." Walikuwa wametuambia kweli. Koki tukaweka za plastiki, kwa sababu shaba ni chuma chakavu na chuma chakavu ni chakula cha jioni. Mfereji wa maji taka uliziba mara tatu ndani ya miezi hiyo, kila mara Sh1,500 za kuuzibua. Tenga fedha hizo mapema. Wanaochora mipango ya huduma huwa hawakumbuki choo.

Kuhusu watoto, tulikuwa wakali tangu mwanzo, na ni jambo moja ambalo sina la kujutia. Watu wazima wawili kila wakati, mlango wazi, hakuna mtu kumpeleka mtoto nyumbani kwake, na kila msaidizi alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Mwalimu mmoja wa hesabu, mshirika wa miaka mingi, alichukia kuombwa cheti na akajiondoa. Watoto walimpenda, na sina sababu ya kumshuku. Bado nadhani tulifanya sawa. Tulianza na watoto 30 jioni ya kwanza, na kufikia Machi walikuwa 70, wengi wao wakisoma chini ya taa mbili kwa kuwa ya tatu iliungua na kamati ilikuwa bado inaijadili.

Yule mhudumu wa afya akaomba kona ya ua siku za Jumanne. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mashine za kupimia presha na sukari mwaka 2023, lakini wengi hawana hata benchi la kumkalisha mtu. Sisi benchi tunayo 24. Mmoja wa wale wazee waliopinga geti alikutwa na presha ya kutisha, akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Anaendelea na dawa. Geti bado analipinga.

Kisha ikaja mvua.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili 2024, mto Mathare ulivunja kingo. Mlioko Nairobi mnakumbuka. Kwetu kelele zilianza kusikika usiku wa manane, watu wakipanda kutoka kando ya mto na watoto mabegani, wengine na godoro, wengine na televisheni, mmoja na mbuzi watatu. Soja wetu alifungua geti bila kumpigia mtu simu. Narudia hilo kwa sababu ndilo ninalolifikiria mara nyingi. Kabla ya Januari, funguo zilikuwa zikilala kwa mzee mmoja anayekaa Ruai. Usiku ule, kwa mvua ile, angefika lini? Funguo zilikuwa kwa soja kwa sababu ya maji ya Sh5.

Kulipopambazuka kulikuwa na watu kama 180 ndani ya kanisa. Walikaa siku 19. Tulikosea mengi nanyi msiyarudie. Usiku wa kwanza hatukuandika majina mlangoni, na asubuhi baba mmoja alizunguka saa nne akimtafuta binti aliyekuwa amelala nyuma ya madhabahu, amefunikwa joho la kwaya. Hatukutenga wanaume na wanawake hadi usiku wa tatu, baada ya malalamiko ambayo sitayaandika hapa. Watu walituletea nguo magunia kwa magunia, na hakuna aliyekumbuka sodo wala dawa za wenye kisukari. Chakula hakikuwa shida kubwa. Wafanyabiashara wa mbuzi wa Kiamaiko walileta nyama na mchele, wakaomba tu sufuria ile isichanganywe na nyingine na mpishi atoke kwao, ili Waislamu waliokuwa humo wale bila wasiwasi. Tulikubali hata kabla hawajamaliza kuomba.

Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikaahirishwa mara mbili hadi 13 Mei, kwa hiyo watoto walikuwa kwetu mchana kutwa. Mwezi huo wa Mei serikali ikaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, nyumba zikabomolewa, na Rais akaja Mathare akatangaza Sh10,000 kwa kila familia ya kuanzia upya. Baadhi ya wageni wetu walirudi kuangalia vyumba vyao wakakuta udongo mtupu. Hapo ndipo nilielewa kwamba geti halitatosha, kwamba kuna maswali ya ardhi na haki ambayo bomba la maji haliwezi kuyajibu. Sina zaidi la kusema kuhusu hilo kwa sababu bado hatujui la kufanya nalo.

Gharama: Sh214,000 kwa siku 19. Kati ya hizo, Sh97,000 zilitoka kwenye mfuko wa ujenzi, fedha za kuweka vigae vipya kanisani. Nilizitoa mimi, kwa ruhusa ya mchungaji kwa simu, bila kikao. Kulikuwa na watoto wanalia, sikuona haja ya kikao. Washirika waliochangia vigae waliona haja hiyo vizuri sana. Julai nikasimamishwa miezi miwili hadi vitabu vikaguliwe. Ilinichoma. Nililia nikiwa nimefunga kibanda, siku ya soko, nikapoteza wateja. Ukaguzi ulikuta kila kitu kipo isipokuwa Sh3,200 za kuni na mkaa zisizo na risiti. Nikazilipa mfukoni mwangu. Sasa tuna kipengele kimeandikwa: dharura ikitokea, watu watatu waliotajwa wanaweza kuidhinisha hadi Sh50,000 ndani ya siku moja, na kikao kiitwe ndani ya siku saba. Andikeni chenu wakati anga ni jeupe.

Wakati wa mafuriko alikuja pia mwanasiasa mmoja na blanketi kwenye gari, na kamera kwenye gari la pili. Tulimshukuru, tukamwambia blanketi zitapokelewa ila maikrofoni haitatolewa na hakuna picha. Aliteremsha kama nusu akaondoka na zilizobaki. Usiku ule kulikuwa na baridi, na washirika wetu wengine walitulaumu mbele ya wageni, tena kwa haki, maana si wao waliokuwa wakilala sakafuni. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu wa Katoliki Nairobi, Philip Anyolo, alipokataa michango iliyotolewa na Rais na Gavana katika kanisa la Soweto, Kayole, mmoja wa waliotulaumu alinitumia habari hiyo kwa WhatsApp bila neno hata moja. Nami nikamjibu hivyo hivyo.

Mnataka kujua kama kanisa limekua. Wote huniuliza hivyo, wakikwepa kwepa. Tumepoteza familia 11. Sadaka ilishuka kwa moja ya tano mwaka mzima, na mishahara ya mchungaji na soja ilichelewa mara nne. Wapya waliojiunga kupitia haya yote ninawahesabu tisa, na wawili kati yao ni wauza maji. Mwenye kutoka nje ili ajaze viti atachoka mapema. Vigae bado hatujaweka. Ile fulana yangu ya siku ya jamii naivaa nikifua.

Wiki iliyopita keateka wa ploti ya mkabala, yule wa magari, alileta malalamiko mapya. Kina mama wanapanga foleni kuanzia saa kumi alfajiri kabla bomba halijafunguliwa, na mitungi ikiburutwa kwenye lami inawaamsha wapangaji wake. Nimeyaandika kwenye ajenda ya Alhamisi. Mzee mmoja amependekeza tufunge bomba, mwingine amependekeza mitungi ibebwe kichwani. Nimemwomba keateka mwenyewe aje kikaoni. Amesema atakuja, mradi kisianze na maombi ya saa nzima.